Mu Pompi Hamukuwa Muchanga

Amani kwenu wote, wenye kukaa ku mabenchi na wenye kusimama inje juu nafasi imeisha. Mama mwenye kuongoza kikundi yetu ya ushuhuda aliniambia niko na nusu saa, na nisilie sana juu wengine wako nyuma yangu. Nilimujibu asiogope. Miye si mutu wa machozi. Nitaeleza mambo vile ilifanyika, moja nyuma ya ingine, na sitataja mutu wala kijiji. Mwenye anajua, anajua, anyamaze.

Miye ni fundi wa chuma. Niko na atelye ndogo hapa Mbunya, mu Bunia, mashine ya kukereza, mashine ya kutoboa, na shimo ya kuyeyushia aluminium. Kazi yangu ni pompi za maji, na zaidi sana turbini. Kwa wenye hawajui, turbini ni ile gurudumu yenye mabawa iko ndani ya pompi. Moteri inaizungusha, inavuta maji upande moja na kuisukuma upande ingine. Turbini ikikufa, pompi imekufa. Za kununua zinakawia kufika huku, na zikifika mara nyingi hazilingani. Basi miye nayeyusha pistoni za zamani na masufuria yenye kutoboka, namwanga mu kalibu, nakereza, naweka. Nilikuwa na jina mu ile kazi. Nasema nilikuwa.

Kulikuwa kijiji moja njia ya ziwa, mbele ya Bogoro ao nyuma yake, haina maana. Watu wa pale walikuwa na pompi ku mutoni, yenye kupandisha maji mpaka ku tanki juu ya kilima. Ile tanki ndiyo ilikuwa inanywesha ng'ombe na nyumba zote. Pompi ilikuwa na mulinzi, muzee mumoja mufupi, mwenye kusema kidogo. Hakuzaliwa pale. Alikuya zamani na bibi yake kutoka upande mwingine, wakamupatia nyumba karibu na mutoni na kazi ya kuwasha pompi na kuizima.

Turbini yao ikaharibika, wakaniita, nikatengeneza mupya. Nyuma ya wiki tatu pompi ikaanza kulia. Sauti yake ilikuwa sawa mutu anatingisha changarawe mu sufuria. Nikafika, nikaweka sikio ku pompi, watu wamenizunguka, nikasema, "Ni muchanga." Sikufungua. Wandugu, nawaambia, fundi mwenye jina anapataka haya ya kufungua kitu mbele ya watu, juu kufungua ni kukubali haujui.

Nikaagiza wafunge kitambaa ku mudomo ya tiyo ya kuvuta, ile bomba yenye kuingia mu maji, ili ichuje muchanga. Kitenge ya nguvu, mara mbili. Nikarudi Bunia. Nyuma ya siku chache wakanipigia simu: pompi inalia zaidi. Nikasema wafunge mara tatu. Ikalia zaidi tena, maji ikapunguka ku tanki, na turbini ikakufa.

Nilipoitoa, nilikuta imekuliwa pahali mabawa inaanzia. Matundu madogo madogo, sawa mukate. Hapa wafundi wenzangu mutanielewa. Muchanga inasugua. Inaacha chuma laini, na mistari. Ile chuma yangu haikusuguliwa, ilichimbwa. Macho yangu iliona vizuri kabisa. Lakini mudomo ilikuwa imeisha kusema muchanga, na macho ikatii mudomo.

Kamati ya maji ikaita watu wote ku kiwanja ya tanki. Mwenye kiti akaniuliza, "Fundi, kitambaa iko mara tatu. Muchanga inapita wapi?"

Nikamujibu, "Ku kitambaa haipiti. Kama iko ndani, iko mutu anaitia."

Nilisema ile kwa sauti ya kawaida, vile mutu anaomba maji ya kunywa. Watu wote wakageuka wakamuangalia mulinzi. Muzee akasimama. Maneno yake nakumbuka yote.

"Fundi, miye sikutia kitu. Lakini nikuambie. Pompi inalia zaidi tangu mulifunga kitambaa. Siku moja nilifungua ile kitambaa, pompi ikapunguza kulia. Nikafunga, ikazidi tena."

Wandugu, ile muzee alikuwa ananipatia jibu yote, bure, mbele ya watu. Miye nikageukia kamati, nikasema, "Mumesikia? Anafunguaka kitambaa."

Haikuhitaji neno ingine. Hawakumupiga, nashukuru Mungu. Walimuambia aondoke mbele ya jua kuteremuka. Wengine wakashuka ku nyumba yake, wakang'oa mulango, wakasema ni mbao za kijiji. Wakapita mbele yangu, muzee na bibi yake, kila mutu na mafurushi ku kichwa. Hawakuniangalia. Miye nilikuwa nakaza nati za turbini mupya, na nilizikaza kwa muda murefu sana.

Kijiji ikaweka mulinzi mwingine, mutoto wa pale pale. Kitambaa mara tatu. Wiki ine hazikufika, pompi ikalia. Sasa munafikiri watu walisema fundi amekosea? Apana. Walisema muzee ameacha watu wake nyuma, ndio wanatia muchanga. Kisha wakasema si yeye peke yake, ni watu wote wa upande ule, wanataka ng'ombe zetu zikufe na kiu. Siye watu wa Ituri tunajua neno ya namna hii inaanzaka namna gani na inafikaka wapi. Sitaeleza. Hapa kila benchi iko na mutu anaweza kueleza kunishinda.

Niliogopa. Nilikuwa nasikia neno yangu mu midomo ya watu wengine, imenenepa. Hata pale nilinyamaza. Nilisema nitatafuta chuma ngumu zaidi. Nikaanza kukosa misa, nikisema niko na kazi, na kazi zenyewe nilikuwa nazikataa. Mutu akileta pompi, namuambia mashine yangu ni mugonjwa. Chakula nilikuwa naikoroga tu mu sahani. Bibi yangu alidhani niko na malaria, akanipeleka kupima. Sikuwa na malaria.

Kisha mwenye boti mumoja wa Mahagi-Port akaniita nimutengenezee ile chuma yenye kuzungusha helisi, yale mabawa ya nyuma yenye kusukuma boti. Nikaenda. Asubuhi ile ile, ku mwambao, nikamuona muzee. Alikuwa anaanika samaki ndogo, na kofia yake ileile. Sijui kama aliniona. Mu roho nikasema, adui yangu ni ule pale. Nikazunguka nyuma ya vibanda ili tusikutane.

Nyuma ya saa sita wakavuta boti inje ya maji, niangalie helisi. Ilikuwa imekuliwa. Matundu madogo madogo, sawa mukate. Nikapitisha kidole. Ilikuwa kazi ileile, mukono uleule.

Nikamuuliza mwenye boti, "Hii, mulipita ku muchanga?"

Akacheka. "Fundi, siye tunafanya kazi katikati ya ziwa. Kule ukiangusha sufuria haujui kama itafika chini leo ao kesho. Nani atakwenda kutia muchanga kule?"

"Basi nini inakula chuma?"

"Mapovu. Ukizungusha moteri mbio kuliko maji inaweza kufuata, maji inatoa mapovu, na mapovu inakula. Kila mwenye boti hapa anajua. Weye fundi haujui?"

Nilikaa chini. Watu wa boti wakaniletea maji.

Nyuma nilielezwa vizuri na mama mumoja anafundisha fizike hapa Bunia. Maji inachemka kwa moto, ile wote munajua. Lakini ukiivuta kwa nguvu kuliko inaweza kukuya, inachemka ikiwa baridi, inatoa mapovu ndogo ndogo. Yale mapovu ikifika pahali maji inakandamizwa tena, inapasuka kwa ghafula, na kila moja inapiga chuma sawa nyundo ndogo. Sauti yake ni ya changarawe kabisa. Mu kijiji tiyo ilikuwa nyembamba na pompi iko mbali na maji, ile ndiyo ilianzisha mapovu. Na kitambaa? Kitambaa ilikuwa inazibia maji njia, pompi inavuta kwa nguvu zaidi, mapovu inazidi. Dawa yangu ndiyo ilikuwa ugonjwa. Muzee alisema vile vile, kwa maneno machache, na hakusoma fizike.

Sasa munangojea niseme nilikimbia ku mwambao nikapiga magoti. Apana. Nilimaliza kazi ya boti, nikapanda gari, nikarudi Bunia. Ushuhuda mingi inarukaka hapa. Miye nitabaki hapa kidogo, juu hapa ndiyo nilikuwa muongo zaidi.

Nilitengeneza pompi ndogo ya kujaribia, na kifuniko ya plastiki ngumu yenye kuonyesha ndani. Nikatia maji safi, yenye kuchujwa. Nikaziba tiyo ya kuvuta polepole. Pale katikati ya turbini kukatokea wingu nyeupe, na sauti ikaanza. Changarawe, na changarawe hakuna. Nikafungua tiyo, ikanyamaza. Nilirudilia ile siku nzima, kuziba na kufungua, na kila mara nilikuwa natumaini itanikatalia.

Kisha, nawaambia kweli, nilipenda ile mapovu. Nikajiuliza, kama iko na nguvu ya kuchimba chuma, haiwezi kufanya kazi ya mutu? Mama wa fizike akasema inawezekana, kuna watu wanaifanya, lakini usipigane nayo. Uichagulie pahali pa kupasukia. Basi nikaacha mabawa. Nikakereza gurudumu nene, nikaitoboa matundu pembeni kuizunguka yote, matundu yenye hayatokei upande wa pili. Ikizunguka mbio, mapovu inazaliwa mule mu matundu na inapasukia mule mule, katikati ya maji, bila kugusa chuma.

Ile ni maneno. Ku kazi, gurudumu ya kwanza matundu ilikuwa mafupi, ikajikula. Ya pili nilitoboa mingi sana, ikapasuka yenyewe, na kipande kimoja bado iko mu ukuta wa atelye. Ya tatu niliachia nafasi kubwa kati ya gurudumu na nyumba yake ya chuma yenye kuifunika, ikazunguka bure. Ya ine ilipotea bila kunifundisha kitu. Ya tano nikatia mafuta ya mawese na maji ya soda, ile ya kupikia sabuni. Munajua vile viwili vinakataanaka, na wamama wanakoroga mpaka mabega inauma. Ilipita mu gurudumu mara chache, ikatoka imeshikana, nzito, na imepata moto bila kuni hata moja. Nikafungua. Chuma yangu ilikuwa laini, hakuna tundu mupya. Nikaimba peke yangu mu atelye.

Miezi ilikuwa inapita. Mu kijiji watu walikuwa wanabeba maji ku kichwa, na wanasema yale walikuwa wanasema. Miye nilikuwa najiambia ninatafuta ukweli. Ukweli nilikuwa nao tangu siku ya boti. Nilikuwa natafuta muda.

Bibi yangu akakuya siku moja, akasimama pale mbele ya mashine, mikono yake iko na sabuni ya majaribio.

"Baba, sasa unajua vizuri pahali mapovu inapasukia."

"Najua."

"Na ile neno yako ya ku kiwanja ya tanki, ilipasukia wapi?"

Yeye akapanguza mikono. "Kesho utaenda. Kama hauendi, miye nitaenda, na nitawaambia miye ni bibi ya nani."

Ku kijiji niliogopa, nikaenda kwanza Mahagi-Port, kwa muzee, na mbuzi. Muzee alikuwa anakaa kwa dada yake. Alinipatia kiti, dada yake akaniletea chai. Nikaeleza yote, helisi, mapovu, kitambaa. Alisikiliza bila kunikata, kisha akaangalia mbuzi.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kuomba musamaha, muzee."

"Siku ile ulisema miye natia muchanga, nani alisikia?"

"Kijiji yote."

"Na leo nani anakusikia?"

Nikaangalia. Kulikuwa dada yake, na mbuzi.

"Basi rudisha mbuzi," akasema. "Neno yangu uliitia mu masikio ya watu. Uende uitoe mu masikio ya wale wale. Nyuma tutaona mambo ya mbuzi."

Siye tunasemaka maji yakimwangika hayazoleki. Yeye aliniambia nizoe.

Nilikuwa na hofu, sitaficha. Kijiji ilikuwa imeisha kuwaka hasira, na miye nitasimama niwaambie walimufukuza mutu bure, tena juu yangu. Kamati ilikataa mara moja, mara ya pili wakakubali. Nikafika na bibi yangu, na mama wa fizike, na ile pompi ndogo ya kifuniko ya kuonyesha. Muzee na bibi yake walikuya pia. Walisimama mbali, nyuma ya watu wote, karibu na njia ya kutokea.

Sikuhubiri. Nikasema, "Niliwaambia iko mutu anatia muchanga. Nilisema bila kufungua pompi. Leo tutafungua." Nikaomba mama mumoja mwenye umri, mwenye watoto wake walikuwa wa kwanza kushuka ku nyumba ya muzee siku ile, achuje maji yeye mwenyewe, na kitambaa yake mwenyewe. Akachuja, bila haraka. Nikawasha. Pompi ikafanya kazi kimya. Nikafunga kitenge ku tiyo mara moja. Mara mbili. Kwa mara ya tatu ile wingu nyeupe ikatokea, na pompi ikaanza kulia.

Kila mutu pale alikuwa anaijua ile sauti. Walikuwa wameisikia asubuhi nyingi. Nikaona watu wa mbele wanarudi nyuma kidogo.

Mama akasema, "Fungua."

Nikazima, nikatoa kifuniko. Akaingiza mukono ndani ya pompi, akapapasa pembe zote. Akatoa vidole, akavisugua pamoja, akaviangalia.

"Muchanga iko wapi?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilibeba vyuma maisha yangu yote, na hakuna yenye ilikuwa nzito kupita yale maneno. Nikaongeza kwamba muzee alituambia kweli, hapa hapa, na miye nikageuza kweli yake ikuwe kosa. Nikasema hakuna mutu wa upande wowote alitia kitu. Kisha nikanyamaza, juu yenye ilibaki haikuwa ya kwangu.

Mwenye kiti wa kamati akaita muzee mbele, akamuuliza kama atakubali kurudilia pompi. Muzee akafikiri. "Pompi mupatie mwenye munataka," akasema. "Miye munipatie mulango yangu."

Hakuna mutu aliuliza mulango gani. Wanaume wawili wakatoka mu kundi, wakakawia kidogo, wakarudi wameibeba ku mabega. Kuna mutu alikuwa ameipaka rangi ya kijani. Bibi ya muzee akaigusa pahali pa kufuli, akaanza kulia kwa sauti, na wamama wengine wakamufuata. Ile mama wa kuchuja maji ndiye aliinua upande moja ya mulango, akashuka nayo mpaka ku nyumba. Siku ile ile wakaiweka.

Wandugu, saa yangu inaisha. Pompi ya kijiji leo iko na tiyo pana, tuliishusha karibu na maji, na turbini yake iko na mudomo mukubwa. Hailii. Mulinzi ni yule kijana wa pale. Muzee analima nyuma ya nyumba yake. Gurudumu ya matundu iko ku kazi na wamama wa sabuni hapa Mbunya, wengine wao nawaona ku benchi ya tatu. Mbuzi iko kwangu, imezaa mara mbili, muzee bado hajasema neno.

Nashukuru mwenye boti, mwenye alinicheka kwa wakati wake. Nashukuru mama wa fizike. Nashukuru ile mama aliingiza mukono yake mu pompi mbele ya watoto wake. Nashukuru bibi yangu, mwenye alinitisha kwa haki. Na nashukuru muzee, juu alikataa kunisamehe kwa siri. Kama angekamata ile mbuzi, ningerudi Bunia mwepesi, na kule watu wangeendelea kutafuta watu wa kulipiza.

Mafundisho sina mingi. Ukisikia kitu inalia na haujui iko nini ndani, fungua mbele ya kutaja mutu. Na kama ulitaja mbele ya kufungua, uko na safari.

Iko wengine hapa ndani wako na ile safari. Siulizi. Lakini kama unaogopa kwenda peke yako, unifuate tukitoka, uniambie njia ni ya wapi. Kesho sina kazi yoyote.